Kuhamisha simu za ofisi kutoka laini za shaba kwenda intaneti: anza na umeme, simu zenyewe zije mwisho

#1 Fundi Swichibodi (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za majukumu.

Nafanya kazi ya swichibodi na mitandao ya ofisi hapa Dar. Siku hizi wateja wengi wanaonipigia wanataka kuachana na laini za mezani za shaba wahamie simu za intaneti, na swali lao la kwanza karibu mara zote ni wanunue simu ya aina gani. Wengine nawakuta wameshabeba makasha Kariakoo kabla hata hawajajua nyaya za ofisi yao zimepita wapi. Nafungua uzi huu kwa sababu inauma kuona biashara ya mtu inakaa siku nzima haipokei simu, na chanzo chake ni kitu ambacho angeweza kuelezwa mapema.

Tuanze na umeme. Laini ya shaba ilikuwa inakuja na umeme wake. Pale kwenye kituo cha simu kuna safu za betri za volti 48, na nyuma yake jenereta. Umeme huo ndio unaotembea kwenye jozi ya nyaya mpaka mezani kwako, pamoja na sauti. TANESCO wakikata mtaa mzima, simu ya mapokezi inaendelea kulia. Hukuwahi kununua betri ile wala kuiona, ila gharama yake ilikuwamo kwenye bili ya kila mwezi. Siku unapoikata ile jozi, kazi ya chumba cha betri imehamia kwako, na usipoipangia mtu itabaki haina mwenyewe.

Bahati nzuri, simu za IP (yaani za intaneti) nazo hula volti 48 hivi, zikipitishiwa kwenye waya wa mtandao kutoka kwenye swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao) yenye PoE, yaani uwezo wa kutoa umeme kwenye waya huo huo, kwa hiyo huna haja ya chaja kila meza. Swichi, ruta, kile kiboksi cha faiba cha ukutani na mtambo wa simu (unaopokea na kugawa simu za ofisi) vyote vikae kwenye chanzo kimoja chenye akiba. Tupige hesabu ya ofisi yenye simu 24. Simu ya kawaida hutumia wati 5 hivi, jumla 120. Swichi yenyewe, ruta, kiboksi na mtambo, weka 80. Uko kwenye wati 200. UPS (kisanduku cha umeme wa akiba) ya dukani yenye betri mbili ndogo za volti 12, Ah 9, ina wati-saa 216 kwenye karatasi. Ukitoa kinachopotea njiani haimalizi saa moja. Inveta yenye betri ya asidi ya Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiivute chini ya nusu, kwa hiyo unahesabu 600, yaani saa 3 kasoro. Sasa jiulize mtaani kwako umeme ukikatika hurudi baada ya muda gani, ndipo ununue. Ninachokikuta mara nyingi ni UPS nzuri iliyofungwa kwenye kompyuta ya mhasibu, huku swichi ya simu iliyo juu ya dari imechomekwa kwenye soketi ya kawaida.

La pili ni mtandao wa ndani. Watu wanadhani simu za intaneti zinataka kasi kubwa. Hazitaki. Simu moja kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, ambayo ubora wake ni ule ule wa simu ya mezani, inakula kilobiti 87 hivi kwa sekunde kila upande. Simu 10 zikiongea kwa pamoja hazijamaliza hata megabiti 1. Kinachoharibu sauti ni kuchelewa. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande 50 kila sekunde, na kila kipande kinatakiwa kifike kwa zamu yake na kwa wakati wake. Barua pepe ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Neno likichelewa nusu sekunde, watu wawili wanaanza kuongea kwa pamoja kisha wote wananyamaza. Mwongozo wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni milisekunde 150 kwa upande mmoja, zaidi ya hapo mazungumzo yanaanza kuwa mazito. Kamera za ulinzi zikiwa zinapakia video kwenda nje na kompyuta zinapakia nakala rudufu saa 4 asubuhi, sauti itakatikakatika hata kama kifurushi chako kinaitwa cha megabiti 50, kwa sababu njia ya kupakia imejaa. Zitenge simu kwenye VLAN yao (mtandao wao peke yao ndani ya nyaya zile zile) na uiamuru ruta itangulize sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna kipengele kwenye ruta nyingi za bei rahisi kinaitwa SIP ALG (SIP ni lugha ambayo simu za intaneti huitumia kuanzisha na kukata mazungumzo). Kizimeni. Kiliwekwa kwa nia ya kusaidia, lakini huchezea taarifa za simu ndani ya pakiti (vile vipande vya data), na matokeo yake ni ile simu ambayo wewe unamsikia mteja ila yeye hakusikii.

Karibuni kwa maswali.

#2 Binti Gerezani

Asante sana kaka kwa darasa. Sisi ni kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na namba yetu ya 022 ipo kwenye kila karatasi tangu enzi za marehemu mzee wetu aliyeanzisha ofisi. Wateja wa Lubumbashi na Bujumbura wanaijua hiyo tu. Nikienda intaneti namba inakufa? Na nikitaka kuhamia kampuni nyingine inayotoa huduma hiyo kwa bei nafuu, naweza kuondoka nayo kama tunavyofanya kwenye simu za mkononi?

#3 Fundi Swichibodi

Dada, swali lako ndilo linalotakiwa liulizwe kabla ya yote, tena kwa maandishi.

Ile huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba iliyoanza nchini Machi 2017 ni ya simu za mkononi. Usiipigie hesabu kwenye namba ya mezani. Njia iliyo salama ni kumwendea mtoa huduma yule yule mwenye namba yako na kumuuliza kama anaweza kuitoa namba hiyo hiyo juu ya faiba kwa SIP. Akikubali, namba inabaki 022, kinachobadilika ni njia inayopitia. Muulize pia ni simu ngapi zinaweza kuingia kwa pamoja kwenye namba hiyo. Kwa shaba ilikuwa laini moja simu moja. Kwa SIP namba moja inaweza kupokea simu 5 au 10 kwa wakati mmoja, kadiri mtakavyokubaliana, na kwa ofisi kama yako meli inapotia nanga hiyo ni faida kubwa kuliko punguzo lolote la bei.

Akikwambia bado hawezi eneo lako, usiifunge laini. Kuna kifaa kidogo chenye tundu la FXO: upande mmoja unachomeka ile laini ya shaba, upande wa pili kinaongea na mtambo mpya. Mteja wa Lubumbashi anapiga namba ile ile, simu inaingia kwa shaba, halafu ndani inalia kwenye simu mpya, kwenye kompyuta, au hata kwenye programu ya simu ya kijana wako aliyeko getini bandarini. Ofisi nyingi zingebaki hapo kwa miaka bila hasara yoyote.

#4 Mpwani wa Nyali

Salaam ndugu zangu wa Bara na Visiwani. Niko Mombasa, nasimamia mitambo ya hoteli. Huku kwetu uamuzi haukuwa wetu: nyaya za shaba zikiibwa barabarani kila mara, zarudishwa, zaibwa tena. Mwisho tukaingia intaneti kwa lazima.

Nataka kuongeza jambo moja kwa wenye hoteli, shule na hospitali. Kampuni ya kwanza iliyotuletea hesabu yao ilitaka tung'oe simu za vyumbani zote na kupitisha nyaya mpya mpaka kila chumba. Ni kuvunja kuta, kufunga vyumba, na msimu wa wageni wakaribia. Hatukukubali. Simu ya chumbani kazi yake ni kuita mapokezi, jikoni na dobi. Zile simu za zamani tumeziacha palepale, na nyaya zake za shaba za ndani ya jengo palepale. Kwenye chumba cha mitambo tukafunga visanduku vya FXS vyenye matundu 24 kila kimoja. Kisanduku ndicho kinachotoa umeme na mlio kwa simu ya chumbani, na upande wa pili chaongea SIP na mtambo. Simu mpya za IP zikaenda mapokezi, kwa meneja, kwa uhasibu na kwa watu wa kuchukua nafasi, basi.

Lifti msiisahau. Simu ya ndani ya lifti yetu ilikuwa kwenye laini yake pekee na hakuna aliyeikumbuka mpaka mkaguzi alipoibonyeza. Vivyo hivyo kengele za moto na za wizi zinazopiga simu zenyewe. Tembeeni jengo zima, kila waya wa shaba mjue mwisho wake uko wapi kabla ya kukata hata mmoja.

#5 Fundi Swichibodi

Mpwani, Mungu akuzidishie. Hapo kwenye FXS wasomaji washike: FXO ni ya kupokea laini kutoka kampuni ya simu, FXS ni ya kulisha simu ya zamani uliyo nayo. Watu hununua moja wakidhani ni nyingine, na hazibadilishani.

#6 Mdau wa Wingu

Mkuu Fundi, nakuheshimu lakini unawarudisha watu nyuma. Mwaka huu nani bado ananunua mtambo wa kuweka ofisini? Huduma za wingu unalipia kwa mwezi kwa kila mtumiaji, hakuna seva, hakuna fundi, ofisi ikihama simu zinahama nayo. Mtambo uko Ulaya kwenye jengo lenye jenereta tatu. Umeme ukikatika kwangu, simu inahamia kwenye simu ya mkononi ya mfanyakazi. Hizo inveta unazowahesabia watu ni gharama zisizo na sababu.

#7 Fundi Swichibodi

Mdau, hoja ya simu kuhamia mkononi ni ya kweli na nzuri, hata mimi huiweka kwa wateja wangu. Kwa kampuni yenye watu waliotawanyika mikoani wingu linafaa sana. Ninalopinga ni mtambo kuwa Ulaya wakati wapigaji na wapokeaji wote wako Ilala.

Jumapili ya Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya na majirani mtandao ukazorota vibaya. Fikiria ofisi ambayo mtambo wake uko Frankfurt. Mhasibu wa ghorofa ya pili akimpigia mtu wa stoo ghorofa ya chini, maagizo ya simu yanapita chini ya bahari kwenda na kurudi, na mara nyingi sauti nayo. Mkongo ukikatika, hawa wawili walio kwenye jengo moja hawawasiliani. Ofisi yenye mtambo wake hapa nchini, na trunki ya SIP (njia inayounganisha mtambo na kampuni ya simu) ya kampuni ya hapa nchini, sauti yake haina sababu ya kugusa bahari kabisa.

Hata siku njema kuna suala la umbali. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kilomita 200 hivi kwa kila milisekunde. Njia ya kilomita 10,000 inakula milisekunde 50 kwa kwenda tu, kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Ongeza mrudisho wa simu hiyo hiyo kuja Dar, ni 100. Ukiwa na bajeti ya 150, umebakiwa na 50 za kugawana kati ya Wi-Fi ya ofisi, simu yenyewe na mtandao wa anayepokea.

La mwisho kwako: jaribu kupiga 112 au 114 kutoka kwenye hiyo huduma ya wingu na uone inakupeleka wapi. Mtambo ulioko nje unaweza usijue kabisa zimamoto wa Dar ni nani. Muulize muuzaji kabla ya kusaini, na ubandike namba hizo ukutani karibu na simu ya mkononi ya ofisi.

Kuhusu gharama ya mtambo, programu ya Asterisk aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999 ni bure mpaka leo, na kompyuta ndogo isiyo na feni inatosha ofisi ya watu 30. Unacholipia ni mtu anayejua kuiweka na kuilinda.

#8 Msafiri Leicester

Nawasalimu kutoka Uingereza. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na hili jambo limetugusa sana.

Huku mtandao wote wa simu za shaba unazimwa. Openreach, kampuni inayomiliki nyaya hizo, waliacha kuuza laini mpya za aina ya zamani nchi nzima Septemba 2023. Tarehe ya kuzima ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa mpaka mwisho wa Januari 2027, na sababu kubwa ni wale wazee wanaovaa kitufe shingoni cha kuita msaada wakianguka. Vifaa vile vingi vilitengenezwa kwa laini ya shaba. Ukivichomeka kwenye ruta ya kisasa vingine vinafanya kazi, vingine vinajaribu kupiga na havifiki. Mwishoni mwa 2023 serikali ikakaa na kampuni za simu, zikaahidi kutomhamisha kwa nguvu mteja mwenye kifaa hicho mpaka ihakikishwe kwamba kinafanya kazi.

Anachosema Fundi kuhusu umeme ndicho kilichozua mjadala hata huku kwenye umeme wa uhakika. Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huku, inataka mtoa huduma ampe anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga namba ya dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika. Saa 1 tu. Kwa mzee wa kijijini ambako mtandao wa simu za mkononi haushiki, saa 1 ni kidogo mno, na mimi naona wamewapunja.

#9 Nguvu Kazi Moshi

Ndugu Fundi, mbona hujagusa wizi? Kampuni moja ya utalii ninayoijua ilifungiwa mtambo Ijumaa. Jumatatu wakakuta simu za usiku kucha kwenda nchi ambazo hawajawahi kupata hata mgeni mmoja. Bili ikawa ya kutisha na aliyewafungia hapokei simu.

#10 Fundi Swichibodi

Nashukuru umelileta. Huu ni wizi wa kila siku na unafanyika hivi. Mtambo wako ukionekana kwenye intaneti kwa tundu namba 5060 (mlango wa mtandao unaotumiwa na SIP), kuna programu zinazozunguka dunia nzima zikibisha hodi. Zinajaribu ekstensheni (namba za ndani za simu za ofisi) 100, 101, 1001, na nenosiri lile lile la namba hiyo. Zikifunguliwa, mwizi anapiga namba za nje za gharama kubwa ambazo yeye au mwenzake anagawiwa fungu la kila dakika. Hachukui pesa kwako moja kwa moja. Wewe unailipa kampuni yako ya simu, nayo inalipa mbele, mpaka zinamfikia. Anachagua usiku wa wikiendi kwa sababu hakuna anayeangalia.

Kwa laini ya shaba mwizi alihitaji kupanda nguzo mtaani kwako. Sasa yuko popote. Kwa hiyo: mtambo usikubali mazungumzo ya SIP kutoka nje isipokuwa anwani za mtoa huduma wako. Wafanyakazi walioko nje waingie kwa VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti. Kila ekstensheni iwe na nenosiri refu la herufi na tarakimu zilizochanganywa bila mpangilio, ambalo hakuna mtu anayelikumbuka kichwani, maana linaandikwa mara moja kwenye kifaa na basi. Simu za nje ya nchi zifungwe kwa wote, halafu ufungue kwa anayehitaji, kwa nchi anazohitaji. Binti Gerezani kwa mfano anahitaji Kongo, Burundi, Zambia, labda na China. Muhimu kuliko yote, muombe mtoa huduma akuwekee kikomo cha matumizi kwa siku au akupe malipo ya kabla. Hapo hata mwizi akiingia, hasara ina mwisho.

Na aliyefunga mtambo akabidhi nywila zote kwa maandishi siku anapolipwa. Akikataa, usimmalizie malipo.

#11 Mama Wawili Mbeya

Mimi nina ofisi ya watu 4 na laini moja ya mezani ambayo siku hizi hailii. Nahitaji haya yote? Kijana mmoja ameniambia anaweza kunifungia kifaa cha kuweka laini 8 za mkononi, nipige nchi nzima kwa vifurushi.

#12 Fundi Swichibodi

Mama, shikamoo. Kwa watu 4 huhitaji mtambo. Laini moja ya kampuni kwenye simu ya mezani inayotumia laini ya mkononi inatosha, ina betri ndani na haijali TANESCO. Ukitaka namba yako ya zamani ibaki, ulizia kama inaweza kuelekezwa huko.

Kwenye hicho kifaa cha laini 8 nakuomba uwe mwangalifu. Kiwe na uthibitisho wa TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na laini zisajiliwe kwa jina la kampuni yako. Kama huyo kijana atakuja baadaye na wazo la kupokea simu kutoka nje ya nchi kwa intaneti na kuzitoa kwa laini hizo, mfukuze. Huo ndio mchezo wa simboksi, ni kosa la jinai, na watu wamefikishwa mahakama ya Kisutu kwa ajili yake.

#13 Binti Gerezani

Kaka, mtoa huduma wetu amekubali kutuwekea SIP kwenye namba ile ile. Siku ya kuhama yenyewe tufanyeje ili tusikae kimya?

#14 Fundi Swichibodi

Hongera dada. Chagua katikati ya wiki, asubuhi, wakati mafundi wa mtoa huduma wako kazini. Wikiendi inaonekana nzuri kwa sababu ofisi imetulia, lakini kitu kikikwama hakuna wa kumpigia.

Kabla ya siku hiyo mtambo mpya uwe umeshafanya kazi kwa muda pembeni ya ule wa zamani, kwa ile njia ya FXO niliyosema, ili wafanyakazi wazoee kuhamisha simu na kuitana. Mpokezi wenu apewe nafasi ya kwanza kwenye mafunzo. Yeye ndiye anayejua Jumatatu simu zinaingiaje, na mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Siku ya kuhama, pigeni namba yenu kutoka Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, kila mmoja. Mtandao mmoja unaweza kuwa bado haujajua njia mpya. Muombe mteja wa Lubumbashi naye apige. Angalieni namba gani inaonekana kwa mnayempigia. Ongeeni simu moja mfululizo zaidi ya nusu saa, kwa sababu kuna ruta ambazo hukata mazungumzo zikifika dakika 15 au 30 hasa, na jaribio la dakika 2 halitakuonyesha. Kisha, watu wote wakiwa mezani, zimeni swichi kuu ya umeme ya jengo na mwendelee kuongea.

Kama bado mnatuma faksi forodhani au kwa mawakala wa meli, ijaribuni siku hiyo hiyo kwa T.38, ile njia ya kupitisha faksi kwenye intaneti. Isipopita, iacheni kwenye laini ya shaba, msipoteze wiki nzima kwa faksi.

Laini ya shaba ya mwisho msiifunge mpaka bili ya kwanza ya mfumo mpya itoke na mhasibu ailinganishe na rekodi za mtambo. Mkiifunga, chukueni barua yenye tarehe na namba ya laini, muiweke kwenye faili la mikataba.